Kanga, Nyekundu

Kopo lilikuwa la tumbaku, na baba hakuvuta kamwe.
Ndani yake nzi ishirini na mmoja,
kila mmoja kachomekwa kwenye kipande cha kizibo,
nusu yao wameliwa na nondo.
Mdudu kumla mdudu wa bandia:
hapo angecheka mpaka akohoe.

Nilirithi na jiliwa lake dogo la chuma
na daftari la kiwanda cha sufu,
upande huu hesabu za marobota,
upande wa pili, kwa mwandiko wa shule ya Muheza,
mapishi ya nzi.

*Namba tatu: manyoya ya sikio la sungura, waya wa shaba.*
*Namba tano: unyoya wa kwale, uzi wa manjano.*
*Namba saba: kanga, nyekundu.
Mizunguko tisa. Usikaze.*

Namba saba hakukaa na wenzake.
Alilala peke yake ndani ya kiberiti,
yeye aliyemtoa samaki wa ratili nne
chini ya daraja la Peebles,
mwaka ambao sikuwa nimezaliwa
na ambao nimesimuliwa kuliko miaka yangu yote.

Nikaagiza manyoya kwa mfugaji wa Kelso.
Yakaja kwa posta, meusi, madoa kama chumvi iliyomwagika.
Nikayapika kwa rangi na siki katika sufuria ya uji,
vidole vikawa vyekundu wiki nzima,
kazini wakaniuliza nimechinja nini.
Nikafunga. Nikafungua. Nikafunga.

Bwana Rennie, aliyemfundisha baba fundo la kwanza
wakati wa chakula cha mchana, kati ya mashine mbili za kusokota,
akamweka nzi wangu kiganjani, akavaa miwani.
"Huyu ana afya mno," akasema.
"Wa baba yako alikuwa kama mgonjwa anayejikaza."

Basi nikamtia yule wa zamani chini ya lenzi.
Hakuwa na unyoya hata mmoja.
Uzi. Uzi wa pamba,
mwekundu upande mmoja, upande wa pili umepauka,
kitu kilichopigwa chapa, hakikutiwa rangi hadi moyoni,
na kila ulipozunguka, wekundu ulijitokeza, ukajificha,
ukajitokeza.

Lugha yetu bahili! Neno moja
kwa ndege na kwa nguo.
Miezi minne nimemfukuza ndege.

Mama alikuwa karibu na hita,
kanga mabegani juu ya sweta mbili,
ileile aliyoshuka nayo kwenye ndege, pindo lake limeliwa pembeni.
"Panya," alikuwa akituambia tangu utotoni.
"Panya wa Uskochi wana adabu, wanakata kwa mstari."

Nikamwonyesha nzi. Nikamwonyesha daftari.
Akapitisha kidole kwenye pindo, polepole,
kama anayehesabu madeni ya mtu asiyedaika tena.
Nje basi la Edinburgh lilisimama, likaondoka.

"Na alikuwa akinisaidia kutega mitego," akasema.
"Bi Mwantumu, nipe jibini kidogo, ananiambia.
Jibini! Miaka yote ile."

Kisha akauvuta uzi mmoja kwa ukucha.
"Chukua. Ila maneno usiyaguse."

Uzi mkongwe. Wa kwanza ulikatika mzunguko wa sita,
wa pili wa nane, kwa sababu nilikaza.
Wa tatu niliufunga nikiwa nimebana pumzi,
nikapata mgonjwa wangu.

Jumamosi ya Mei tulishuka mtoni,
Tweed rangi ya chai isiyo na maziwa,
mama kwenye kigoda cha kukunja, chupa ya chai miguuni.
Mtupo wa kwanza, hakuna.
Mtupo wa pili, mti ukamchukua.

Nzi kufa kidondani si hasara, baba angesema,
na angekuwa anadanganya,
angepanda ule mti na buti zake za maji.
Mimi nilisimama tu, nikitazama
nukta nyekundu ikitikisika juu, mbali na mkono,
nikitafuta la kumwambia mama.

Nilipogeuka
ukucha wake ulikuwa tayari kwenye pindo.