Ritifaa

Mwaka ule treni za Mwanza zilipita usiku
zimezima taa. Tulizihesabu kwa masikio,
mimi na kaka yangu Ngeleja, chini ya blanketi moja la reli:
behewa, behewa, behewa,
na katikati, ghafla, watu wakiimba.
Asubuhi baba alirudi kutoka stesheni,
bendera zake mbili kwapani, ya kijani na nyekundu,
akasema, "Wamepita,"
akanywa uji mkavu.
Sukari nayo ilikuwa imekwenda vitani.

Sabuni tuliifuata duka la ushirika, Kanyenye.
Foleni ilikuwa ya matofali,
kila tofali na jina la mwenyewe kwa mkaa,
maana watu walikwenda kulima wakayaacha yawasimamie.
Tofali letu liliibwa mara mbili.

Shuleni tulichimba handaki.
Mwalimu Kasonda alipuliza filimbi, tukaruka ndani,
tukalala kifudifudi, midomo kwenye udongo,
tukasubiri ndege.
Alikuja mwewe.
Mvua za Desemba zikalijaza, vyura wakahamia,
na hakuna aliyewafundisha kujificha.

Mama Mihambo, jirani wa uani,
elimu ya watu wazima ilimfikisha kwenye *a, e, i*
ikamwacha hapo.
"Nyamizi, njoo na penseli yako."
Alikalia kinu kilichopinduliwa, akimenya viazi vya michembe,
gunia zima la michembe ya askari.
Yeye akisema Kinyamwezi, mimi naandika Kiswahili:
*Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali.*
Hilo hakulisema. Hilo tulifundishwa.

Siku moja akasema, na kisu hakikusimama:
"Mwambie ng'ombe amekufa. Yule wa mahari yake."

Nikaandika *n*. Nikaandika *g*.
Penseli ikagoma.
Kile kialama kinakaa wapi?
Kabla ya *g*, au baada, au juu ya *o* kama inzi?
Wiki hiyohiyo Mwalimu Kasonda alinichapa kwa ajili yake,
viboko vitatu, mkono wa kushoto.
Nikafuta kwa kidole na mate, karatasi ikachubuka.
Nikaandika: *mbuzi*.
Mbuzi amekufa. Wasalaamu, mama yako.

Jibu lilichukua wiki sita, likanuka petroli.
Nilimsomea lote, nikaruka mahali pamoja:
*Pole mama kwa mbuzi, ingawa sikumbuki tulikuwa na mbuzi.
Ng'ombe wangu mtunzeni. Nikirudi tu, naoa.*
Yeye aliiweka ritifaa pale panapostahili.
Nikaiona. Nikajifunza.
Nikanyamaza.

Kisha treni zikarudi mchana,
taa zinawaka juani bila sababu,
nasi tukapunga matawi mpaka mikono ikafa ganzi.
Mihambo alirudi baadaye, kwa gari la serikali,
akiwa sanduku la mbao lisilozidi debe:
kijiko, mkanda, picha ya msichana wa Kaliua,
na barua zetu, zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

Wageni walipokwisha kula na kuondoka,
mama yake akaniita.
"Nisomee. Nisikie nilimwambia nini."

Nikasoma ya kwanza, ya pili, hofu ni kwako uliye mbali.
Nilipofika pale penye karatasi iliyochubuka
ningeweza kusema ng'ombe.
Nani angejua?
Sauti ikanitoka yenyewe: "Mbuzi amekufa."

Kisu kilisimama.
Alinitazama kwa muda wa treni nzima ya mizigo,
tangu kichwa hadi behewa la mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "kwake yeye hakufa."

Akachukua kiazi kingine.