Dekio Lenye Jina Lako

Katoni uliyonibebea kutoka Kampala, Etrima,
nimeiweka juu ya kabati. Sijaikataa.
Maandishi ni madogo, nimesoma picha:
mwanamke anatabasamu, sakafu yake haijawahi kukanyagwa,
mkononi ana kitambaa chepesi chenye harufu ya ndimu
ambayo haikuwahi kuning'inia mtini.
Futa, tupa.
Futa, tupa.
Nikajiuliza: tupa wapi?

Maana mimi, hapa Oli, hiyo "wapi" naijua.
Iko nyuma ya jiko la nyumba ya wageni.
Hajati Rukiya alivinunua vitambaa kama hivi msimu mmoja,
vyumba tisa, vitatu kila chumba, kila asubuhi.
Nilivichoma, vikayeyuka, vikanuka kama kandambili motoni.
Nikavitia shimoni, shimo likajaa.
Kisha kuna mtu (sitamtaja, na mgongo wake unamuuma hadi leo)
aliyeanza kuvisukumiza kwenye mfereji wa nyuma.

Aprili mvua ikanyesha usiku kucha.
Alfajiri maji yakaingia ukumbini bila kubisha hodi
yakivibeba vyote, vya kijivu, vizima,
vikaja kulala miguuni pangu.
Nilivitambua.
Kimoja kilikuwa na wino wa yule mfanyabiashara wa Ariwara,
aliyeapa kwamba hakumwaga kitu.
Kumbe havikuwa vimeenda popote.

Siku hiyo nilikausha kwa gunia, kwa khanga,
na ilipofika saa nne nikafungua sanduku
nikatoa sare yako ya darasa la tatu.

Usinune.
Magoti yalikwisha kwa gololi, wajua mwenyewe.
Nilikuwa nimeitunza na vidonge vya nondo, sijui nikimtunzia nani.
Nikaichana vipande virefu,
nikavichanganya na shuka la Hajati lililopasuka katikati,
nikafunga kwenye mpini wa jembe lisilo na jembe.
Kola tu sikuikata.
Ilikuwa na jina lako kwa uzi mwekundu,
nililolishona usiku wa kuamkia shule
ili wenzako wasikuibie.

Miaka sita sasa jina lako linapita chini ya vitanda.
Linajua ufa wa chumba namba saba,
linajua nani hutema mate pembeni.
Wewe, ambaye ufagio ulikuwa ukiukimbia kama chanjo!

Maji ni ya bati, yanadondokea pipani.
Majivu nayachekecha, ndimu nachuma langoni.
Nikimaliza, uchafu naumwaga shinani mwa madodoki yaliyopanda ua,
na dodoki likikauka nalichuna, nasugulia madoa.
Linasugua, linaoza, linamea,
halijawahi kunirudia ukumbini usiku.

Lakini sitakudanganya.
Agosti vipande havikauki, vinanuka beberu.
Kukamua kunaniuma viganja,
na juzi, peke yangu, nilipanda kiti
nikaifungua ile katoni, nikanusa.
Kisha nikaifunga.

Jana uliingia na viatu vyako vya ofisini
ukasimama katikati ya unyevu, macho chini:
"Mama, lile si jina langu?"
Nikakwambia, nyanyua mguu.
Ukanyanyua. Nikapitisha.
Tukacheka mpaka mgeni wa namba nne akafungua mlango.

Sasa uzi unalegea.
Herufi ya kwanza imeshaondoka na maji,
imebaki *trima*, na hiyo nayo haitamaliza mwaka.
Nimelitazama shati ulilovaa,
lile la michirizi, zito, pamba tupu.
Kola yake imeanza kuchakaa.
Ukifika Kampala usilitupe.
Nitumie kwa basi.