Sabuni

Neno la kwanza alilonifunza Crisanto lilikuwa sabon.
Nikacheka. Sisi nasi twaita sabuni.
Meza kwao ni mesa. Bendera, bandera.
"Kwenu alikuja nani?"
Mreno, nikamwambia. Yeye: Mhispania.
Tukatazamana kama watoto wa kambo
waliokutana arusini
wamevishwa kanzu za jora moja.

Tulikuwa chumba cha kufulia, kambini Manda,
mashine kumi na mbili zanguruma,
suruali za madoadoa zazunguka povuni
na mchanga wetu watoka humo, wenda na maji.

Mhispania aliposhindwa, akasema, alituuza.
Dola milioni ishirini, nasi tumo ndani,
na minazi, na mamake babu yangu
aliyekuwa akichochea kuni jikoni
wala hana habari kuwa ameuzwa.
Mnunuzi alisema amekuja kutukomboa.

Kisha kisiwani kwao, Samar, ikatoka amri:
auawe kila awezaye kushika silaha,
kuanzia miaka kumi.
"Kumi?" Nikaiweka pasi kando.
Mwanangu Shali yuko darasa la tano.

Vijiji vikatiwa moto. Kengele tatu za kanisa
zikapakiwa melini, zikakaa ugenini
zaidi ya miaka mia.
"Zimerudi?"
Zimerudi.
"Na watu?"
Akakunja shati, mikono ndani, kola juu,
kama alivyofunzwa na babake
aliyewafulia mabaharia wa manowari bandarini Olongapo
miaka ishirini na sita,
wakamuaga kwa saa ya ukutani.

Swali nilikuwa nalo tangu asubuhi:
basi mbona wawafanyia kazi?
Likanigeukia kabla sijalitoa.
Mikoko alikokata boriti baba
leo iko nyuma ya seng'enge,
nami nina kadi shingoni ya kunipitisha langoni.
Mshahara wa Crisanto ni mara tatu ya wangu.
Wa msimamizi hatujapata kuuliza.

Mkataba wake ulipokwisha alinishika mkono:
Salamat.
Nikadhani aniombea salama.
Nikamjibu, salama nawe, ndugu, ufike salama.
Ilipita miezi ndipo nikaambiwa
kwao hilo ni asante.

Asante ya nini, Crisanto?
Mashine ya saba bado yavuja.