Jangwani Kumejaa

Kirikuu tulikinunua kwa pesa ya kiinua mgongo,
cheupe, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya;
ukasema waya si ugonjwa.
Mafundi wa Keko wakakichonga tumboni:
kitanda futi tatu na nusu, kabati la sufuria mbili,
dirisha la kuteleza lililotolewa kwenye basi bovu.
Nami nikashona pazia kwa kanga iliyobaki nusu,
maneno yake yamekatikia njiani: “Nilidhani…”
Ulidhani nini, uliuliza.
Nikakwambia, ngoja tufike.

Maana ulilitaka jangwa, Pazi.
Tangu bandari ikupe saa ya ukutani
na picha ya pamoja ambayo umefumba macho,
ulishinda barazani na ramani,
Isiolo, Marsabiti, kidole kinapanda
mpaka kwenye weupe usio na jina.
“Huko mtu anasikia damu yake ikitembea.”
Nikawaza: mbona hata chumbani kwangu naisikia,
tangu tugawane vyumba kwa sababu ya mkoromo wako,
mwaka wa sita huu,
na mkoromo nausikia vilevile, umepita ukutani.

Madumu sita ya maji, lita ishirini ishirini.
Mchele, dagaa, ndimu, tochi, shoka.
Bi Chausiku wa jirani akauliza
shoka la nini kwenye mchanga.
Hukumjibu.

Tukatoka Mtaa wa Sikukuu alfajiri ya Aprili,
mvua ya usiku kucha bado inaaga, haiondoki.
Pale Faya trafiki akanyoosha mkono,
koti la mvua limemganda mwilini.
“Mnakwenda wapi?”
“Jangwani,” ukasema, kifua mbele.
Akatutazama. Akayatazama madumu.
“Mzee, Jangwani kumejaa.”

Nilicheka mpaka mbavu zikaomba radhi.
Wewe ulishuka, ukaenda kujionea,
na kweli: Msimbazi umejilaza juu ya lami,
magodoro yanatembea juu ya vichwa,
friji limebebwa na watu wanne, taratibu, kama jeneza,
na mtoto nyuma yake ameshika waya wake
asije akaupoteza.
Ulivyorudi, foleni ilikwisha kutufunga mgongo.

Tukalala palepale, ukingoni mwa barabara, siku mbili.
Mama mmoja aligonga kioo,
akaomba maji safi ya kukorogea uji.
Dumu la kwanza likaenda hivyo.
La pili sikuona lilivyoondoka.
Mchele niliupika wote, sufuria baada ya sufuria,
na mvuke ukaandika upuuzi kwenye dirisha la basi.
Shoka ulimwazima kijana
ambaye mlango wa bibi yake ulivimba ukagoma kufunguka;
alilirudisha kesho yake, halina mpini,
akasema bibi anasalimia.

Usiku: futi tatu na nusu.
Ukigeuka, nageuka.
Mvua juu ya bati ilimeza mkoromo,
au labda hukukoroma, labda ulikuwa macho kama mimi.
“Zamoyoni.”
Si Mama Tunu. Zamoyoni,
jina tupu, halikufuatwa na funguo ziko wapi.
“Ile kanga ilimaliziaje?”
Nikakwambia.
Ukanyamaza muda mrefu sana,
kisha mguu wako wa baridi ukautafuta wangu,
ukaupata, haukuwa na pengine pa kwenda.

Siku ya tatu lami ikaonekana, imevaa tope.
Tukavuka hadi Magomeni kwa gia ya kwanza.
Hapo ukazima gari, ukahesabu:
dumu moja, ndimu nane, tochi.
Hukuniuliza kitu, nami sikujibu kitu.
Ukageuza.

Chumba cha pili sasa kina madumu, ramani,
na kichwa cha shoka kinachosubiri mpini.
Watu wakiuliza kama jangwani tulifika,
unasema, “Tulipita.”
“Tulilala,” nakusahihisha,
na Bi Chausiku anatutazama mmoja mmoja
kama anayetafuta mchanga kwenye viatu vyetu.