Tarakimu Kumi na Sita

Oulu, saa nane usiku. Theluji imefika madirishani.
Kipande alichokikata Raija juzi katika bwawa la diski
kimeshajaa: mbavu, mapafu,
nyonga ya babake yenye pini tatu.

Usiku huu kinahamia seva mpya.
Bila kuunganishwa kipo na hakipo,
kama kiwanja ambacho hati yake haina jina.
Tarakimu kumi na sita. Akazisoma kwa sauti,
akakosea moja.

Seva ya jikoni, ya orodha za supu, ikazinduka,
ikauliza kwa adabu:
Diski hii siijui. Niifute?

Raija aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi,
polepole,
kama mtu aliyemlaza mtoto.

Hapana.

Kisha akaanza tena, kidole chini ya kila tarakimu,
kahawa ikipoa.