Shira ya Mahindi

Saa kumi na moja alfajiri, Thunder Bay, Januari,
pumzi zinaganda chumvi kwenye ndevu za wapiga picha,
na mimi napika damu.
Shira ya mahindi lita nne, rangi ya keki,
kahawa kijiko kimoja, isije ikacheka mbele ya taa.
Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.
Yangu, kwa baridi hii, nzito kuliko uji.

Haukkala anachovya kidole, analamba.
"Huyu amekufa na madeni. Ongeza kahawa."

Ndivyo alivyo. Kwake kila maiti huvuliwa kiatu kimoja.
Muuaji humaliza kwanza chapati zake za maji,
hulipa, huacha bakshishi,
ndipo huinuka na shoka.
Watu ukumbini hucheka, kisha huangaliana.

Siku ya kuua saba mkahawani
nikamwambia: kwetu, kifo cha wengi harusi.
Akauliza jina langu lina maana gani.
Mwanaharusi, nikasema, na maana yake.
Alicheka mpaka akakohoa.

Mji umekuwa wake.
Vijana huvaa kofia za masikio, rangi ya chungwa,
huachana na wachumba kwa maneno ya jambazi wa filamu ya tatu.
Kinyozi ana mtindo uitwao Mjane.
Motelini, chumba namba tisa, alipofia yule wakala wa bima,
wageni hulala kwa bei mara mbili
na doa langu zuliani ni marufuku kulifua.
Kufa kufaana.

Lakini mimi ndiye niliyemfunga kidole
kopo la dagaa lilipomkata.
Tone moja tu.
Akakaa kitako kwenye theluji, mweupe kuliko theluji.
"Mbona nyepesi hivi?" akauliza. "Mbona nyepesi hivi?"

Machi, mama yake, Aino, ghorofa ya nne, hospitalini.
Nilimwendesha mimi, mikono yake haikushika usukani.
Hapakuwa na muziki.
Hakuna aliyesema neno la kukumbukwa.
Muuguzi alikuwa akitafuta kalamu.
Haukkala akasubiri,
nadhani alisubiri mtu aseme kata,
kisha akainua shuka upande wa miguuni,
akamvua mama yake soksi moja,
akaitia mfukoni.

Jana kaja jikoni, sufuria inatokota.
Kachovya, kalamba, kanyamaza kitambo.
"Tia maji," akasema.
Nikatia.
"Tena."