Mvungu

Mwezi wa kwanza sikugusa tofali.
Nilikoroga. Mchanga, chokaa, maji,
mpaka Torkild Bundgaard achovye mwiko,
auinamishe, atazame udongo unavyong'ang'ania chuma,
aseme neno moja: "Mwepesi."
Au: "Mzito."
Siku aliyonyamaza nilijua nimepatia.

Mwezi wa pili akanipa uzi na timazi.
"Jicho ni mwongo, Alberte,
tena mwongo mwenye heshima zake,
hukwambia lile unalotaka kusikia.
Uzi hauna adabu. Uamini uzi."
Nikajenga ukuta nyuma ya ghala, pale Horsens,
kozi tisa za matofali ya manjano,
viungo vimekaa ovyo kama meno ya mtoto.
Saa tisa alasiri akapita, mikono mfukoni,
akausukuma kwa buti.

Kuna wasemao ufa huzibwa.
Torkild hazibi. Huuliza ulianzia kozi ya ngapi,
kisha huteremka mpaka hapo.
Nilikwangua udongo kabla haujashika,
tofali baada ya tofali, vidole vikichubuka,
nikayapanga upya.
Mara tano aliuangusha.
Mara ya sita aliutazama, akatazama saa,
akaenda kula mkate wake mweusi.
Usiku ule ukuta ulilala umesimama.
Mimi sikulala.

Kisha baridi. Chokaa haielewani na barafu:
maji yakiganda ndani yake hutanuka,
na asubuhi kiungo humwagika kama sukari.
Tukaingia ndani, kwenye bafu na majiko ya watu,
nikajifunza kupiga magoti.
Kigae hakianzii pembeni, nikaambiwa.
Huanzia katikati, kwa hesabu,
ili vile vya ukutani visikae kama vipande vya kuomba.
Unapaka gundi, unaichana kwa mwiko wa meno,
matuta, matuta, shamba dogo lisilopandwa kitu,
unalaza kigae, unakikandamiza,
unakisogeza kidogo, kama mtu anayetafuta usingizi.

Mwezi Februari tukaitwa kwa Bi Gudrun Ravnkilde.
Vigae vitatu vimepasuka jikoni,
kwenye sakafu aliyoitandaza Torkild
mwaka ule alipofuzu, kabla sijazaliwa.
Magoti yake sasa yameisha kama breki.
Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Gonga vyote," akasema. "Masikio yangu
yalikwenda na msumeno wa mawe. Gonga, uniambie."

Nikagonga kwa mpini wa mwiko.
Ko. Ko. Ko.
Ko.
Karibu na dirisha, kigae kizima, hakina hata mkwaruzo:
ngooo.

Ningeweza kunyamaza.
Bi Gudrun alikuwa akimimina kahawa.
Kigae kile kingetuzika sote bila kusema neno.
"Na hiki," nikasema.

Aliniangalia kama anavyoangalia mwiko ulioinamishwa.
Akajikongoja kutoka kwenye ndoo, akaweka kiganja sakafuni.
"Tena."
Nikagonga. Hakusikia.
Lakini mkono ulisikia.

Tukakifungua kwa patasi. Chini yake
matuta yalikuwa bado yamenyooka, mistari ya kijana mwenye mkono thabiti,
mpaka kwenye pembe moja, ambapo hapakuwa na kitu.
Upana wa yai.
"Ijumaa," Torkild akasema, baada ya muda.
"Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na msichana
ananingoja nje na baiskeli."
"Alikungoja?" Bi Gudrun akauliza.
"Hapana."

Tukanywa kahawa.
Kisha nikapaka gundi, nikaichana mpaka pembe,
pembe zote nne, nikalaza kigae kipya,
ambacho weupe wake haufanani na wenzake
na hautafanana.

Garini alinipa nyundo yake ya mpira,
bila maelezo, kama mtu anayerudisha deni.
Mpini umebonyea mahali pa kidole gumba,
kidole kipana kuliko changu.
Ninaitumia kila siku.
Bado sijui pa kuishikia.